Mama wa Yatima

Mlango bado uko wazi, wasomaji wangu. Wiki nzima mmenisumbua kwa maswali: yule mwanamke aliyeingia na mfuko wa plastiki ni nani, na kwa nini Simanzi, nyota wa filamu za kulia, alipomwona alishika mgongo wa kiti ili asianguke? Tulieni. Nimekuja.

Kwa aliyepitwa: sebule ya nyumba ya kukodi ilijaa taa, nyaya, kamera na waandishi wa habari. Walialikwa waone kwa macho yao jinsi inavyotengenezwa filamu ya maisha ya Simanzi, yatima aliyetoka mji mdogo akapanda hadi kwenye mabango. Siku hiyo ilikuwa zamu ya mama yake kufa. Mdhamini alikuwa kampuni ya leso za karatasi, na kila mwandishi alipewa pakiti yake mlangoni.

Ndipo yule mwanamke akaingia, akatua mfuko wake sakafuni na kusema, "Mimi ndiye mama yake."

Waandishi wakafungua madaftari.

"Sijasikia!" ikaja sauti kutoka nyuma ya kamera. "Rudia. Kwa sauti, na usitazame chini!"

Mwenye sauti alikuwa mwongozaji. Wafanyakazi walimwita Bwana Kata, kwa kuwa neno hilo alilisema mara nyingi kuliko salamu. Tangu asubuhi alikuwa akimsubiri mama. Mwigizaji aliyepewa nafasi hiyo alikuwa amegoma. Alitaka afe mwishoni mwa filamu, siyo mwanzoni, ili naye aonekane onekane. Bwana Kata akakataa kumwongezea uhai, yule bibi akabeba mkoba wake akaenda zake. Wakala alikuwa ameahidi kuleta mwingine upesi.

"Nimesema," mwanamke akapaza sauti, "mimi ndiye mama yake mzazi!"

"Sikuamini," Bwana Kata akasema.

"Huniamini?"

"Maneno unayo, uso huna. Umesimama kama mtu aliyekuja kugombana na mwenye nyumba. Teseka kidogo, mama. Kwani wewe umewahi kuzaa?"

"Nimezaa! Huyo hapo nimemzaa mimi, tena alitanguliza miguu!"

"Afadhali sasa," Bwana Kata akasema, akiigeuza kofia yake nyuma mbele. "Hasira hiyo usiipoteze. Mpelekeni akapakwe ugonjwa."

Waandishi wakacheka, wakaandika kwamba mwigizaji mpya ana kipaji.

Simanzi alikuwa na nafasi ya kusema. Nawaambia kweli, ilikuwa nafasi pana kabisa. Angesema neno moja tu, "Mama," na hadithi hii ningeimalizia hapa nikaenda kupumzika. Mdomo ukafunguka. Lakini kando yake alisimama Msemaji, bwana mwenye suti na manukato ambaye kazi yake ilikuwa kuwaambia watu Simanzi ni nani. Akamminya kiwiko.

"Tabasamu la huzuni," akamnong'oneza. "Meneja wa leso anakutazama, na kalamu ya mkataba anayo mfukoni."

Simanzi akatabasamu kwa huzuni. Mama yake mzazi akapitishwa mbele yake, ameshikwa mkono na binti wa vipodozi. Macho yao yakagongana. Mama hakusema kitu, na hilo ndilo lililomtisha Simanzi kuliko yote, maana mama yake hakuwa mtu wa kunyamaza.

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, halafu tukimbie.

Huyu mnayemwita Simanzi, nyumbani kwao aliitwa Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo. Mama yake alikuwa fundi wa sare za shule katika mji wenye barabara moja ya lami. Binti alishinda chini ya meza ya kukatia akiwaigiza wateja: mwalimu mkuu anayejikuna shingo kila akitaja bei, mama wa mapacha anayebisha kwamba kaptula moja ni fupi kuliko nyingine. Wapo waliopeleka nguo nzima kabisa, hazina hata uzi uliolegea, ili tu wakae wamsikilize. Alipokuja mjini, alikuja kuchekesha.

Kwenye majaribio akachekesha, Bwana Kata akapiga miayo. Msemaji, ambaye siku hizo hakuwa na mtu wa kumsemea, alimkuta nje ya geti akilia kwa kukataliwa. "Hapo hapo," akamwambia. "Usijifute." Kabla ya msimu kubadilika binti akawa Simanzi, yatima asiye na mtu duniani. Magazeti yakaandika, watu wakalia, mkataba ukamkataza kucheka hadharani. Bwana Kata mwenyewe aliuamini uyatima huo kwa moyo wote, na kila akiukumbuka alipenga kamasi. Kazini waliojua ukweli walikuwa wawili tu, binti na Msemaji wake.

Sasa ukweli wenyewe ulikuwa chumbani, unapakwa ugonjwa.

Chumba hicho kilikuwa cha kulala, kitanda kimesukumwa ukutani, kioo kimezungushiwa balbu. Simanzi akamwomba binti wa vipodozi akawatafutie maji ya kunywa. Mlango ulipofungwa tu, akaanguka magotini.

"Mama, naomba..."

"Nyamaza kwanza. Mimi ni marehemu, nina mengi ya kusema."

Nusu ya uso wa mama ilikuwa imeshapakwa rangi ya majivu, nusu nyingine ilikuwa bado mbichi, na pande zote mbili zilikuwa na hasira.

"Unajua nimejuaje kama nimekufa?" mama akauliza. "Watu wamekuja dukani kutoa pole. Wamenikuta nimekaa kwenye cherehani, napiga pindo. Wakaanza kulia, halafu wakakasirika. Wamekasirika kweli, kama vile nimewapotezea muda! Muuza viatu wa jirani akaniuliza chumba changu cha biashara atabaki nacho nani. Nikamwambia mbona mimi bado nakaa? Akasema sawa, lakini nimkumbuke."

"Mama, yale ni mambo ya magazeti tu..."

"Kwenye gazeti hilo hilo kuna picha yako ukinililia! Umevaa gauni jeusi nililokushonea mimi, kwa mikono hii!"

Simanzi akainamisha kichwa. Gauni hilo alilipenda sana, na lilimkaa vizuri.

"Haikuanza hivyo," akasema. "Mwanzoni walisema uko mbali. Baadaye wakasema unaumwa. Halafu..."

"Halafu nikazidiwa," mama akamalizia. "Hata chungwa hukuniletea."

Kicheko kilimpanda Simanzi hadi kooni, akakimeza. Alikuwa amezoea kuvimeza.

Msemaji akaingia bila kubisha hodi, akaufunga mlango kwa mgongo wake.

"Shikamoo, mama."

"Maiti haiitikii."

"Mama, mimi sipendi ugomvi, napenda tuyamalize," Msemaji akasema kwa sauti ya asali. "Leo binti yako anatia saini. Picha yake itakaa kwenye kila pakiti ya leso, nchi nzima. Ila wanamtaka yatima. Sasa wewe tunaweza kukuingiza taratibu, kwa heshima zako zote. Unaonaje ukiwa shangazi?"

"Shangazi?"

"Mama mdogo, basi. Hutaki? Mama mlezi? Au jirani aliyemhifadhi yatima? Watazamaji wanampenda sana jirani."

"Nimembeba tumboni, nimemnyonyesha, nimemsomesha," mama akasema, "leo nimepandishwa cheo, nimekuwa jirani."

"Jirani mwema," Msemaji akarekebisha.

Mama akamwacha, akamgeukia binti yake. Hasira ilikuwa imeshuka, na kilichobaki usoni kilikuwa kigumu zaidi kukitazama.

"Na wewe? Unasemaje?"

"Nipe leo tu, mama. Nikishatia saini, kesho nitasema kila kitu."

"Yaani nife leo, nifufuke kesho saa za kazi."

"Mama..."

"Nisikilize vizuri. Sitaki nyumba, sitaki gari, sitaki sura yangu kwenye leso za kupengea watu. Nataka utoke pale mbele ya wale waandishi useme, huyu ni mama yangu na yuko hai. Basi. Mimi nakwenda kulala kwenye kitanda chao, maana nataka nisikie unavyonililia. Mtaa mzima umesikia isipokuwa mimi. Ukimaliza kulia, useme. Usiposema, narudi nyumbani kwangu, na wewe mama huna tena. Hapo hutakuwa umemdanganya mtu."

Akajigeuza kwenye kioo, akachukua sponji, akajipaka majivu mwenyewe ule upande uliobaki.

Haya, twende kitandani.

Kilikuwa kitanda cha chuma, shuka jeupe, taa tatu zinamulika mto. Waandishi walijipanga ukutani. Mbele yao alisimama mwandishi wa safu ya wasanii, mwanamke mwenye miwani ambaye waigizaji walimwita Sindano, na hawakumwita hivyo akiwapo. Pakiti yake ya leso ilikuwa haijafunguliwa.

"Mama," Bwana Kata akaelekeza, "utavuta pumzi ya mwisho. Moja tu. Halafu umekufa."

Mama akavuta pumzi ya mwisho. Akatulia. Akavuta nyingine.

"Nimesema moja!"

"Ile ya kwanza haikutosha, baba."

Wakaanza upya. Simanzi akapiga magoti kando ya kitanda, akainua mikono kama alivyofundishwa. "Mama, usiniache! Nitabaki na nani mimi?"

Mama akafumbua jicho moja. Akanyoosha mkono, akamlaza binti yake kola iliyokuwa imesimama upande mmoja.

"Kata! Maiti haitengenezi kola!"

"Nilikuwa sijafika bado. Nilikuwa njiani."

Waandishi wakaangua kicheko. Meneja wa leso akazitazama pakiti zilizokuwa bado zimefungwa, akakunja uso. Bwana Kata akazunguka kitanda mara mbili, mikono kiunoni.

"Mama wa kweli hafi hivi," akasema. "Mimi nimewaua akina mama wengi katika kazi hii, nawajua. Tunarudia. Simanzi, wewe lia tu, utanisaidia kumfunika huyu."

Hapa lazima niwafichulie siri ya kazi. Wapo waigizaji wanaojiliza kwa kitunguu, wapo wanaotia dawa machoni. Simanzi hakuwahi kuhitaji. Kila alipotakiwa kulia alifumba macho, akamwona mama yake amelala, hapumui, na cherehani imefunikwa kitambaa. Machozi yalikuja yenyewe. Kazi yake yote ilikuwa hiyo, kumuua mama yake kichwani, na watu wakamsifu kwa kuwa alijua kumuua vizuri.

Lakini leo mama huyo alikuwa hapa. Alikuwa na joto, ananuka mafuta ya cherehani, tumbo linapanda na kushuka chini ya shuka. Simanzi akafumba macho akatafuta kile kifo chake cha siku zote. Hakukiona. Akakamua, akakaza kope, akauma mdomo. Macho makavu kabisa.

"Lia," Bwana Kata akanong'ona. "Lia, malkia wangu."

"Siwezi."

"Mlalie kifuani. Itakuja."

Akamlalia kifuani. Moyo wa mama ulikuwa unapiga kama kawaida yake, bila haraka. Kisha sauti nyembamba ikapenya kwenye midomo ya marehemu, midomo yenyewe haitikisiki.

"Huyo mwenye kofia, mbona anajikuna kama mwalimu mkuu?"

Simanzi akatupa jicho. Bwana Kata alikuwa anajikuna shingo.

Ikawa basi. Kile kicheko alichokuwa akikimeza miaka yote kikatoka chote kwa mkupuo, kicheko cha kupayuka, cha kushika mbavu. Akaangukia kwenye shuka, miguu ikarusha taa moja. Na marehemu naye alikuwa anatikisika, amejiziba mdomo kwa mto.

"Kata! Kata! Kata!" Bwana Kata akabwaga kofia chini. Hakuwahi kuyaona meno ya nyuma ya Simanzi. "Huyu mama ameniharibia yatima! Mtoeni! Nitafutieni mama anayefanana na mama!"

Wabeba taa wawili wakamshika mama mikono, wakamwinua kitandani. Hakubishana nao. Alimtazama binti yake tu, akingoja. Msemaji naye alikuwa anamtazama, akitikisa kichwa polepole: usithubutu.

"Mwacheni," Simanzi akasema.

Hawakumsikia. Walikuwa wameshafika nusu ya sebule.

"Nimesema mwacheni! Huyu ni mama yangu! Mama yangu mzazi! Yuko hai, hajawahi kufa hata siku moja!"

Amesema, wasomaji. Mmesikia nyote. Kwa mara ya kwanza tangu afike mjini alikuwa amefungua mdomo mbele ya watu akasema jambo la kweli.

Bwana Kata akashika kifua chake.

"Mungu wangu," akasema, na machozi yakaanza kumtiririka. "Kamera ilikuwa inachukua? Niambieni ilikuwa inachukua!"

"Imechukua yote," mpiga picha akajibu, anafuta pua.

"Yatima anakataa kwamba mama yake amekufa! Hiyo haimo kwenye skripti! Binti ameitoa moyoni!"

Sebule nzima ikalipuka makofi. Pakiti zikaanza kuchanwa, huku na huku, hadi kwa wabeba taa. Meneja wa leso akachanua uso, akamtafuta Msemaji ampe mkono.

"Siigizi!" Simanzi akapiga kelele. "Jamani, nawaambia kweli! Ni mama yangu!"

Makofi yakazidi.

Mtu mmoja tu hakupiga. Sindano alitoka ukutani, akawapita wote, akamwekea mama kinasa sauti karibu na mdomo. Makofi yakafifia. Hakuna aliyetaka kuonekana anafurahi mbele ya Sindano.

"Mama, tuache maigizo," akasema. "Huyu binti ni nani kwako?"

"Sema, mama," Simanzi akamwambia. "Mwambie."

Mama akamtazama binti yake, anavyomngoja katika vazi lake la kuigizia. Akamtazama meneja, ambaye alikuwa ameshaitoa kalamu na sasa anairudisha mfukoni taratibu. Alikuwa amekuja kusikia maneno machache, na ameyasikia, kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote. Uso ukamlainika chini ya yale majivu.

"Mimi?" akasema. "Mimi nimeitwa kuigiza, mwanangu. Huyu binti nimemjua leo."

Akaokota mfuko wake. Mlangoni akageuka, akawaambia wote, "Poleni na msiba," akatoka.

Sindano alibaki amesimama na kinasa sauti chake hewani, uso umemsawijika kama mtu aliyenyang'anywa tonge. Kisha naye akatoka mbio nyuma yake.

Baada ya hapo kila mtu akawa amepata alichokitaka. Bwana Kata alipata tukio, meneja alipata machozi, Msemaji alirudiwa na rangi ya uso. Meza ikasogezwa, mkataba ukawekwa, kalamu ikatua mbele ya Simanzi.

"Hapa, na hapa," Msemaji akamwonyesha. Kisha akainama sikioni. "Umeona? Mama yako ana akili kuliko wewe. Ameelewa. Yamekwisha."

Simanzi akaishika kalamu. Yamekwisha kweli. Mara hii haikuwa gazeti wala Msemaji, mama mwenyewe ndiye aliyesema hamjui, na amesema hivyo ili yeye apate kitu hiki kilichoko mezani, sura yake kwenye karatasi ya kupengea. Ilimuuma. Ilimuuma vibaya mno, na bila kufumba macho, bila kutafuta kifo chochote kichwani, akaanza kulia.

"Safi sana," Msemaji akasema. "Acha yadondokee kwenye karatasi. Mpiga picha yuko wapi?"

Kalamu ikaanguka sakafuni. Simanzi akavua viatu virefu, kimoja kikaenda kulia, kingine kushoto, akatoka mbio.

"Kamera!" Bwana Kata akapiga yowe. "Mfuateni! Msikate!"

Ukawa msafara. Nyota mbele, miguu peku. Nyuma yake kamera begani, mtu wa kipaza sauti na ufito wake, waandishi, binti wa vipodozi na glasi mbili za maji, na meneja akihema. Nje ya geti gari dogo jeupe lilikuwa linageuza. Sindano alikuwa kwenye usukani, mama kando yake. Simanzi akasimama katikati ya barabara, akapiga boneti kwa viganja viwili. Gari likafunga breki.

Sindano akashusha kioo. "Unataka nini tena? Ameshasema hamjuani."

"Washa kinasa sauti chako."

"Kimewaka tangu asubuhi."

Simanzi akainama dirishani. Hakupaza sauti safari hii.

"Huyu ni mama yangu. Ni fundi wa sare za shule, na yuko hai. Niliyemuua ni mimi, kwa mdomo wangu, ili watu wanipende. Nilijua magazeti yanafika kwetu. Nilijua atasoma, na bado nikasema. Andika hivyo hivyo, usinipambe."

Hakuna aliyepiga makofi. Bwana Kata alikuwa amesimama bila kofia, mikono imemlegea. "Yaani miaka yote hii," akasema, bila kumwambia mtu, "mimi namlilia mtu anayekula na kulala kwake?" Meneja wa leso alishageuka kulitafuta gari lake. Msemaji hakuonekana popote, na sijui alipitia wapi, maana geti ni moja.

Mama alikuwa anatazama mbele. Maneno ya binti yake yalikuwa yamemgonga mahali fulani, akaukumbatia mfuko wake kwa nguvu zaidi. Mwishowe akasema, "Ingia. Hiyo lami ya moto, utaungua nyayo."

Simanzi akaingia kiti cha nyuma. Gari likaondoka. Mama akatoa kitambaa mfukoni, akampa bila kugeuka, naye akajifuta. Simanzi akaona ameshasamehewa. Alikuwa amepoteza kazi, jina na leso, na hakukumbuka lini mara ya mwisho kifua chake kilikuwa chepesi hivyo.

"Mama," Sindano akasema, "sisi tulikubaliana nini? Nimekufuata hadi kwenu, nimekuleta kwa gari langu, halafu mbele ya watu unanigeuka."

Simanzi akainuka kitini. "Kumbe wewe ndiye uliyemleta?"

"Nani mwingine? Kazi yangu ni kuhakikisha. Nimesikia kuna yatima, nikaenda kwao kuuliza wazazi wamezikwa wapi." Sindano akamtazama kwenye kioo cha juu. Hakuwa amekasirika tena, alikuwa anatabasamu. "Nilikwenda kutafuta marehemu mmoja. Nikawakuta wawili, wote wazima."

"Wawili?"

Mama akageuzia uso dirishani.

Simanzi akafikiri haraka haraka. Kwao hakukuwa na marehemu mwingine ila baba, ambaye mama alimwambia tangu utotoni kwamba alifariki kabla yeye hajaanza kutembea. Hakuwahi kumwuliza mtu mwingine. Mama alikuwa amesema, ikatosha.

"Mama," akasema, "huyo wa pili ni nani?"

Majivu ya kupakwa yalikuwa bado usoni mwa mama, na sasa yalimkaa sawasawa.

"Funga mkanda kwanza, mwanangu," akasema.